Sinki la Nyumba Mbili

Shangazi yangu hapendi kusimuliwa, wala hapendi kusimulia. Haya alinieleza vipande vipande, siku za kuchambua mboga na kukunja nguo, akianzia anapotaka na kuishia anapotaka. Mimi nimeviunga tu. Palipo na mshono mbaya ujue ni wangu, lakini kitambaa ni chake.

Ilikuwa siku ya kufua, jua limekaa vizuri, mashuka yananing'inia uani. Mumewe alikuwa kwenye benchi lake nje akipiga randa mbao za kitanda cha watu. Shangazi aliingia jikoni kuosha vyombo vya mchana, akafungulia bomba, akasugua sufuria, akageuka kuchukua sabuni. Aliporudi, sinki limejaa hadi ukingoni na maji hayana habari ya kwenda.

Sinki lenyewe, usione hivi, lilikuwa na aibu yake. Baba mkwe wake alipofariki aliwaachia wanawe wawili nyumba moja. Mkubwa alikuwa fundi wa nguo, mtaa mzima ukimwita Cherehani, mtu mwembamba, mcheshi, asiyeweza kuua hata mende. Mdogo ndiye mume wa shangazi, seremala kwa kazi na Seremala kwa jina. Wahenga walituambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime. Basi hawa waligombana, watu wakalima, wakavuna, wakala, wakarudi kulima tena, na wao bado wamenuniana. Ugomvi ulianzia kwenye chumba gani ni cha nani, ukaishia uani kwa ngumi. Siku hiyo Cherehani, mpole wa watu, alizidiwa, akakamata pasi na kumpiga mdogo wake mdomoni. Meno mawili ya juu, ya mbele kabisa, yakaruka. Seremala akabaki na pengo ambalo ungeweza kupitisha kidole.

Hata damu haijakauka, akaleta mwashi agawe nyumba kwa ukuta. Ukuta ulianzia barazani, ukakata sebule, ukafika jikoni. Huko ukakutana na sinki la mabakuli mawili, lililofungwa na marehemu baba yao kwa mikono yake mwenyewe.

"Na hili?" mwashi akauliza.

"Pita katikati."

Mwashi akacheka. Alipomtazama Seremala usoni, akaacha kucheka. Matofali yakapandishwa juu ya ule mgongo mwembamba unaotenga bakuli na bakuli, na nyufa zote zikasiribwa kwa saruji. Bakuli moja likabaki kwa Seremala, la pili likaangukia kwa Cherehani. Watu walikuja kuona, wakashika viuno, wakaenda kuchekea mbele ya safari.

Juu walitengana, lakini chini bomba lilibaki moja. Maji ya huku na maji ya kule yalikutana nyuma ya ukuta, yakashuka pamoja hadi kwenye chemba ya maji machafu uani. Na bomba la namna hiyo lina sharti lake. Likiziba, ukichukua mpira wa kuzibulia ukasukuma huku ilhali tundu la kule liko wazi, uchafu haushuki. Unapandia kwa jirani. Mtu wa kule lazima akuzibie tundu lake kwa kitambaa kibichi na akandamize kwa kiganja, ndipo nguvu yako ishuke inakotakiwa.

Seremala hakutaka kusikia habari hizo. Kwa hiyo shangazi na shemeji yake wakatengeneza utaratibu wao bila kikao. Cherehani kila mara alivaa kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni asijichome sindano. Sinki likiziba, aligonga nayo bakuli lake: ti, ti, ti. Maana yake, ziba, nataka kusukuma. Shangazi anakimbia na kitambaa, anaziba, anakandamiza. Shemeji akimaliza anagonga tena, ti, ti, ti, shangazi anatoa. Likiziba upande wa shangazi, yeye aligonga kwa kijiko. Siku nyingine shemeji aliinama akaongea humo kwenye tundu, sauti ikatokea huku imekaa kama ya mtu aliye kisimani. "Shemeji, leo unapika nini? Harufu inanitesa na mimi nina mkate mkavu." Shangazi anacheka peke yake jikoni. Ilikuwa furaha ndogo, lakini katika nyumba ile haikuwepo nyingine.

Kisha mama yake shangazi akaugua, naye akaenda kumuuguza. Aliporudi, mlango wa upande wa pili una kufuli.

"Kahama," alisema Seremala. "Kasema amechoka kuniona."

"Bila cherehani yake? Naiona dirishani, imefunikwa."

"Atanunua nyingine. Wewe inakuuma nini?"

Chemba ya uani ilikuwa imefunikwa kwa zege jipya, limesawazishwa vizuri, kazi safi kabisa. Panya wamezidi, Seremala alisema. Tangu siku hiyo maji ya sinki yalishuka kwa kusuasua. Shangazi alikuwa akinong'ona kwenye tundu wakati mwingine, "Shemeji?" halafu anajiona mjinga. Alichokuwa akikitaka duniani ni kimoja tu: shemeji yake arudi, na ule ukuta uanguke.

Sasa maji yamegoma kabisa. Alimwaga maji ya moto, hayakusaidia. Alitoka nje.

"Sinki limeziba. Niite fundi bomba?"

Randa ikasimama. "Hakuna fundi atakayefukua nyumbani kwangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu. Ni bomba tu."

Alimpiga kibao. Hakikuwa cha kwanza katika ndoa ile, lakini hiki kilikuja bila hasira. Kilikuja na woga, na shangazi aliuona. Alirudi jikoni shavu linawaka, akachukua ule mpira wenye mpini wa mti, akauweka juu ya tundu, akaanza kusukuma kwa uchungu wote aliokuwa nao. Upande wa pili maji yakabubujika, akayasikia yakimwagika katika bakuli la shemeji. Akajilaumu. Hakuna wa kuziba kule.

Akapumzika, akajipangusa jasho.

Ti, ti, ti.

Mwili ulijua kabla ya akili. Alinyakua kitambaa, akakikunja, akakisokomeza kwenye tundu na kuweka kiganja juu. Ndipo akagundua amefanya nini, na moyo ukajaa furaha. Ndiyo, furaha. Ananiambia hakuogopa hata kidogo.

"Shemeji! Umerudi lini?"

Chini ya kiganja kitambaa kilianza kuinuka. Kikashuka. Kikainuka tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Kisha kikasukumwa kwa nguvu hadi viwiko vyake vikatetemeka. Halafu ti, ti, ti ya kumaliza.

Alitoa kitambaa. Maji ya kijivu yakapanda, na pamoja nayo vitu. Nyuzi za rangi rangi zilizosokotana. Nywele fupi zilizong'oka na ngozi yake. Kipande cha zege chenye ukubwa wa gololi. Mwisho kikaja kitu kidogo, kikagota ukingoni. Ilikuwa kastabini. Aliichukua, akaichungulia. Ndani kulikuwa na ukucha mzima, na nyama bado imeushika.

Alisikia hatua nyuma yake, akageuka. Seremala alikuwa mlangoni, ameshika nyundo ya kazi, vumbi la mbao nyusini.

"Unaongea na nani?"

Shangazi alifumbua kiganja, akamwonyesha.

"Hakuhama," alisema.

Seremala aliitazama kastabini. Aliweka nyundo mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Nilimwambia aache kugonga," alinong'ona. Hewa ilipita kwenye pengo lake ikipiga mluzi. "Kila siku, ti, ti, ti. Na mke wangu. Mnacheka humo, mnaambiana nini humo? Ulipoondoka, akagonga. Hajui hata kuwa hupo, akagonga! Nikaenda kumwomba aache. Akacheka."

"Tulikuwa tunazibua sinki."

"Nikamshika hivi."

Akamshika. Mkono mmoja shingoni, mwingine nyweleni, akamgeuza na kumzamisha uso kwenye bakuli. Paji la uso liligonga chuma, nuru ikapasuka machoni. Maji yale yakamwingia puani, mdomoni, na zile nywele, na zile nyuzi. Alipiga mateke, akapata hewa tu. Alirusha mkono nyuma, akakwaruza ngozi ya mumewe, kucha zikavunjika. Mtu aliyebeba magogo miaka yote huwezi kumkwaruza ukamwachisha. Seremala aliegemeza uzito wote. Kinywa cha shangazi kilibanwa juu ya tundu lenyewe, na kutoka humo akahisi pumzi ya baridi. Kifua kilianza kuwaka, masikio yakaziba. Alijua anakufa, na alijua shemeji alikufa hivi hivi, upande wa pili wa ukuta, akinywa maji ya bomba hili hili.

Ngumi yake ya kulia ilikuwa bado imeshika kastabini. Akaipiga kwenye chuma.

Ti. Ti. Ti.

Kutoka ng'ambo ya ukuta ikajibiwa.

Mikono ya Seremala ikalegea. Shangazi alianguka sakafuni, akatapika maji na damu. Juu yake Seremala alikuwa ameganda, shingo imepinda kuelekea ukutani. Ikagongwa tena, kwa nguvu zaidi, na saruji ikadondoka kidogo kwenye maungio ya matofali.

"Nilikufunika," Seremala aliuambia ukuta. "Nilikufunika vizuri."

Alichomoa funguo mfukoni, funguo alizoapa kuwa kaka yake ameondoka nazo, akachukua nyundo, akatoka. Shangazi alimsikia akizunguka nyumba. Kufuli. Bawaba zilizoshika kutu. Viatu juu ya vumbi, chumba hadi chumba, vinakuja. Vikasimama upande wa pili wa matofali, karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa.

"Nani?"

Akainama kuchungulia bakuli.

"Hakuna mtu," Seremala akasema peke yake, na akacheka kidogo.

Nyundo ikaanguka.

Shangazi hakuona. Alisikia tu, kwa masikio yake na kwa lile tundu. Mfupa uligonga chuma, ko! Tena, ko! Kucha zikikwaruza bakuli. Kitu kikavunjika kwa sauti ya tawi kavu, na Seremala akalia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, nyembamba, ya mtoto.

"Mkono! Ameshika mkono wangu! Mke wangu, ananivuta!"

Sauti ilitokea kwenye tundu. Seremala alikuwa amelazwa uso ndani ya bakuli, mdomo juu ya shimo, kama alivyokuwa mkewe muda mfupi uliopita. Shangazi alijiinua kwa kushika ukingo wa sinki. Maji katika bakuli lake yalikuwa yakizunguka yenyewe. Huko chini, mbali, kuelekea kwenye chemba, bomba lilianza kunguruma.

Ti, ti, ti.

Safari hii haikutoka kwenye bakuli la pili. Ilitoka ndani ya bomba, chini ya kidevu chake. Na maana yake aliijua kama anavyojua jina la mama yake. Ziba. Nataka kusukuma.

Tundu lake likiwa wazi, yote yanayokuja yangetokea huku, yangemwagika sakafuni, basi. Likizibwa, yangebaki na njia moja.

Naye Seremala alijua. Miaka yote alijifanya hajui utaratibu wa sinki, kumbe anaujua vizuri.

"Usizibe!" alipiga kelele ndani ya bomba. "Mke wangu, nakuomba, usizibe! Nitakupa talaka, nitakupa nyumba, usizibe!"

Kitambaa kilikuwa pale ukingoni, kibichi. Shangazi anataka nielewe jambo hili kuliko yote: hakuwa amerukwa na akili, na hakusukumwa na mtu. Alisimama akafikiri. Alimfikiria mtu mwembamba mwenye mkate mkavu aliyegonga na hakujibiwa kwa kuwa aliyepaswa kujibu alikuwa safarini.

Alichukua kitambaa, akaziba.

Aliweka viganja vyote viwili na kulalia juu kwa kifua. Kitu kikapita chini yake. Alikihisi kikipita, kizito, kikisugua kuta za bomba, kikanusa mlango wake, kikaukuta umefungwa, kikageukia upande wa pili. Kule Seremala alianza neno na hakulimaliza. Likawa gugugu. Mateke yakaanza ukutani, teke, teke, matofali yakatikisika, vumbi la chokaa likamwangukia shangazi mgongoni. Bomba likasukuma. Akakandamiza. Taya likagonga chuma, gugugu, mateke. Bomba likasukuma tena. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Alipochungulia, kitambaa kilikuwa kimelowa rangi ambayo haikuwa ya maji.

Mateke yakawa mazito. Yakawa machache. Ukaja mkwaruzo mmoja mrefu wa kisigino kikishuka ukutani.

Ti, ti, ti. Imekwisha.

Alitoa kitambaa. Maji yote yakashuka kwa mkupuo, yakamezwa hadi tone la mwisho, na sinki likabaki safi.

Majirani walioingia upande wa pili walimkuta Seremala amepiga magoti mbele ya bakuli. Taya lilikuwa limepasuka mara mbili. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia kwenye tundu hadi kiwikoni, na tundu lile halipitishi vidole vitatu. Ilibidi chuma kikatwe. Alikuwa amekufa maji, na tumboni mwake walikuta mchanga wa saruji na nyuzi za kushonea. Bakuli lenyewe lilikuwa kavu na vumbi lake juu. Polisi walimuuliza shangazi alikuwa wapi.

"Naosha vyombo," alisema.

Waliivunja ile chemba kwa nyundo kubwa. Ndani ya zege kulikuwa na umbo la mtu aliyelala ubavu, limechapika vizuri hadi mishono ya shati inahesabika. Mtu mwenyewe hakuwemo. Hapakuwa na mfupa wala unywele.

Shangazi alihamia kwetu. Sinki letu lina bakuli moja, bomba lake ni letu peke yetu, na bado siku ya kwanza tu aliingia jikoni akaziba tundu kwa kitambaa. Tangu hapo tunaoshea vyombo kwenye beseni uani. Mke wangu alinung'unika hadi akachoka. Nilimwambia tumwache, mzee amepitia mengi.

Juzi shangazi alikwenda hospitali kupimwa macho. Nilikuwa na kikombe kimoja cha kuosha, mvua inanyesha, beseni liko mbali. Nikasema ah, kwa kikombe kimoja? Nikavuta kile kitambaa.

Kiling'ang'ania kidogo, kisha kikatoka. Upande wa juu kilikuwa kizima. Upande wa chini kilikuwa kimetafunwa. Alama za meno zilikuwa zimejipanga kwa upinde, nyingine mbichi, zinavuja, na katikati, pale mbele, palikuwa na nafasi ambapo kitambaa hakikuguswa. Nafasi ya meno mawili.

Shangazi aliingia na mwavuli wake, akaniona, akaona nilichoshika. Hakunigombeza. Alichukua kitambaa kipya kwenye kamba ya jikoni, akakilowesha, akakikunja, akaziba.

"Shemeji alikuwa na adabu," alisema. "Aligonga kwanza."

Kitambaa kilianza kuinuka. Akaweka kiganja juu, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Huyu hagongi," alisema. "Niletee kiti."